Jina la Marehemu Kwenye Chupa ya Achari

Juma lililopita nilipanga foleni katika ofisi moja ya serikali hapa kisiwani. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Mji wa Kale, amekumbatia chupa ya achari. Achari hiyo marehemu mamake aliipika na kuiuza miaka mingi, na jina la marehemu ndilo lililobandikwa kwenye chupa.

"Mama, majibu ya ombi lako la kuandikisha jina yamerudi kutoka Nairobi," karani akamwambia. "Jina hili lina mwenyewe. Mfanyabiashara mwingine ameshaliandikisha kwa achari yake."

"Mwenyewe ni mamangu, mwanangu! Siku ya kufungua duka nilisomesha maulidi, nikapeleka sahani za pilau mtaa mzima. Nani hakulisikia?"

"Sisi hatukulisikia," karani akajibu, wala si kwa ubaya. "Ungekuja kuuliza kabla hujapaka kibao cha duka."

Yule mama akaanza kuibandua ile karatasi ya jina kwa ukucha, polepole, isipasuke.

"Chagua jina jingine tu, mama."

"Mama nilikuwa naye mmoja."

Foleni nzima tukainamisha vichwa. Sisi watu wa hapa, mtu akija kuposa, twauliza mpaka babu yake alizikwa wapi. Lakini jina la biashara twalipaka ukutani, twaila pilau yake, kisha ndipo twaenda kuuliza ni la nani.

Wateja hawataacha kumtaja marehemu. Watamtaja kila siku wakinunua achari pale sokoni Marikiti, na faida ataila mtu asiyewahi hata kumwamkia.