Daraja Alilovuka kwa Miguu

Daraja lenyewe si kubwa. Ukitoka Mbalizi ukashika barabara ya vumbi inayopanda milimani kwetu, unalikuta pale barabara inapokutana na mto: zege la zamani, kingo fupi, zimegongwa na malori ya viazi mpaka nondo zinachungulia. Kijiji kizima tulilivuka tukiwa ndani ya gari. Mama yangu hakulivuka hivyo hata siku moja.

Pikapu ikikaribia alikuwa anagonga bodi kwa kiganja. "Dereva, mimi nashuka." Dereva alifunga breki huku akilalamika, abiria wakasonya, na mama akateremka na kikapu chake, akavua viatu akavishika mkononi, akavuka taratibu kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Pikapu ilitangulia kumsubiri ng'ambo. Mimi nilibaki juu ya magunia nikijifanya simjui.

Watu wakisikia habari hii, hupenda niwaambie kwamba mama aliuona ubovu wa daraja kabla ya wataalamu. Hakuona kitu. Mama hakujua lolote kuhusu zege. Aliogopa maji, basi. Alisema hapendi mto upite chini yake akiwa amekaa.

Kazi yangu ni kupima madaraja bila kuyabomoa. Nilijifunzia Iringa, kwenye daraja moja la njia ya Idodi, jua likitupiga mgongoni. Unagonga zege kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Zege zima linajibu kwa mlio mkali, mfupi. Lililoachana kwa ndani linatoa sauti nzito, ya uvivu, kama debe lenye pumba. Kisha unaleta kifaa kinachopitisha sauti kutoka upande mmoja wa zege hadi mwingine, unaleta na kile kinachotafuta nondo zilipolala, na mwisho unasema: hapa pazima, hapa pabovu. Niliipenda kazi hiyo tangu mwanzo. Daraja huliulizi linajisikiaje. Unaligonga tu, linasema.

Zamu ya daraja letu ilipofika, nilipewa mimi. Bimu, yaani zile mbavu nene za chini zinazobeba barabara, zilikuwa mbili. Ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia ilikuwa na nyufa, na kutu ya nondo ilikuwa inasukuma zege kutoka ndani. Tuliamua kuziba nyufa, kisha kuifunga bimu hiyo kwa kitambaa cha nyuzi za kaboni, cheusi, chepesi kama shuka, ambacho kikigandishwa kwa gundi yake kinakuwa kigumu kuliko unavyoweza kuamini. Wanakijiji walikuja kututania. "Hii daraja imevunjika mguu? Mbona mnaifunga bandeji?"

Nilikwenda kumweleza mama kwa majivuno kidogo. Nilimwambia kwamba nimelipima mwenyewe, kila sehemu, na kwamba kazi ikiisha litabeba malori kwa miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anamenya viazi.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Wewe pita nalo. Mimi nashuka."

Moyo wake ulianza kumsumbua wakati wa mvua. Mdogo wangu, ambaye anaishi Iringa mjini, alimchukua ili awe karibu na hospitali. Mimi nilibaki na daraja, kwa sababu gundi ilikuwa imeshafika na tulikuwa tunasubiri siku kavu. Mama mwenyewe alinipigia kuniambia nisihangaike, anakula vizuri, ugali wa huko hauna shida. Nilimwambia nitakwenda nikimaliza.

Siku kavu ilipatikana. Gundi ile ni ya makopo mawili. Ukishayachanganya hairudi nyuma. Inaanza kupata joto ndani ya ndoo, na ukizubaa inageuka jiwe na ndoo yako. Tulikuwa juu ya jukwaa chini ya daraja, tumeshapaka bimu yote, kitambaa kimeshikwa ncha mbili, simu ikaita mfukoni mwangu. Fundi mmoja alinitolea kwa sababu nilikuwa na glavu, akaniwekea sikioni.

"Dada," mdogo wangu akasema, "mama ametutoka."

"Sawa," nikasema.

Akarudia, akidhani sikusikia.

"Nimesikia. Niko na gundi."

Nimeulizwa mara nyingi nilijisikiaje. Sikujisikia. Nilichukua rola nikakandamiza kitambaa kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hewa itoke. Mafundi walitazamana. Mmoja akaniambia, "Pole sana, injinia. Nenda tu, sisi tutamalizia." Nikamwonyesha kiputo cha hewa alichokiacha kwenye kona. Harufu ya gundi naikumbuka, na mto uliokuwa umejaa chini yetu, wa rangi ya chai ya maziwa. Mama simkumbuki kabisa katika saa hizo, na hilo linaniuma mpaka leo kuliko kingine chochote.

Kesho yake walimleta. Kwetu mtu anazikwa nyumbani, na nyumbani ni ng'ambo ya daraja. Nilijua hivyo tangu simu ilipokatika, ila nilikuwa nayafikiria magari, simfikirii yeye. Gundi ilitaka daraja litulie mpaka ishike. Gari likipita, bimu inacheza kidogo, jicho halioni. Lakini kitambaa kikiachia kabla ya gundi kukauka, hakuna atakayejua mpaka siku lori limejaa viazi na watu wamekaa juu ya magunia. Waenda kwa miguu tuliwaruhusu. Magari hapana. Mto ulikuwa juu, hapakuwa na pengine pa kuvukia. Bosi wangu alipiga simu akanipa pole, kisha akasema uamuzi ni wangu.

Nilisimama kwenye kizuizi na buti zangu za kazi. Mlinzi alikuwa amefunga kamba kati ya mapipa mawili. Msafara ulikuja kutoka Mbalizi umewasha taa, mbele basi dogo aina ya kosta lililobeba jeneza, nyuma yake magari ya ndugu. Wanawake walikuwa wanalia kwa sauti ile inayoanza juu na kushuka. Kosta ikasimama. Akateremka mjomba, kaka yake mama, kofia mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Haya, fungua hii kamba tupite."

"Haiwezekani, mjomba. Gundi haijashika."

Alidhani sijamwelewa. "Gari moja tu. Hii iliyombeba. Zingine zitabaki huku."

"Hata moja."

"Ni mama yako humo ndani."

"Najua. Hata mama."

Vilio vilikatika. Ndani ya kosta mtu akasema, si kwa kunong'ona, "Amesoma huyu, amesoma mpaka amekauka." Shangazi alinitazama kama anatafuta uso wangu ninaoutumia siku nyingine. Nilitaka kuwaeleza habari za bimu, nikaona maneno yote niliyonayo ni ya kazini. Nikaweka mkono juu ya kamba. Nilikuwa tayari wanichukie. Sikuwa tayari kuifungua.

Mjomba aliliangalia daraja, akaiangalia kosta, akaliangalia daraja tena. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, machozi yanamtoka.

"Jamani," akawaambia, "tunagombana nini na huyu mtoto? Lini dada yangu amevuka hapa kwa gari?"

Kisha mwanamke mmoja ndani ya kosta akaanza kucheka naye, halafu mwingine, wale wale waliokuwa wanamsonya mama kwenye pikapu miaka yote. Mjomba akafungua mlango wa nyuma. "Mshusheni," akasema. "Hapa huwa anashuka."

Wanaume walilitoa jeneza wakalipandisha mabegani. Nikainua kamba. Neno pekee nililolisema mbele ya jeneza la mama yangu, neno ambalo shangazi zangu wananisimulia hadi leo, lilikuwa: "Pitieni kushoto."

Walipita kushoto. Kwaya ya kanisani ilifuata nyuma ikiimba taratibu, wengi wameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope. Mdogo wangu alikuwa miongoni mwa wabebaji na hakunitazama. Ng'ambo kulikuwa na lori dogo la viazi, Kenta, lililokwama upande wa kijijini tangu tufunge njia. Dereva alisogeza magunia, wakamweka mama hapo, wakapanda naye mlimani. Mimi nilishuka kwanza chini ya daraja kuangalia kitambaa. Kilikuwa kimetulia. Kisha nikaufuata msiba kwa miguu.

Sikulia kaburini. Shangazi alinifinya mkono akaninong'oneza, "Lia basi, watu wanakuangalia." Nilijaribu, kweli nilijaribu. Nikajikuta nawaza kama turubai la pale darajani limefungwa vizuri.

Gundi iliposhika, nilirudi na nyundo yangu nikagonga bimu nzima juu ya kitambaa. Ilijibu vizuri kote, isipokuwa sehemu moja ya ukubwa wa kiganja, tukaitoboa na kuijaza. Tulipitisha malori ya mawe juu yake tukapima inavyopinda. Nikatia sahihi. Magari yakaanza kupita, viazi vikashuka Mbalizi kama kawaida, na mimi nikarudi kwangu mjini, mtaa wa Soweto, nikawa naamka, nakwenda kazini, narudi, nalala. Wenzangu walisema najikaza. Sikuwa najikaza, hapakuwa na kitu cha kukaza.

Kwenye arobaini mdogo wangu alikuja na gari lake kutoka Iringa akanipitia. Tulikuwa tumeanza kusemezana, ingawa mambo ya barabarani tu. Tulivuka Mbalizi, tukashika barabara ya vumbi, na daraja likatokea mbele, kingo zake zimepakwa rangi mpya nyeupe.

"Simamisha," nikasema.

Akapunguza mwendo. "Kuna nini?"

"Simamisha tu."

Akasimama. Aliangalia mbele, hakuona tatizo. "Dada, si umelipima mwenyewe?"

"Nimelipima."

"Ni zima?"

"Ni zima kabisa."

"Sasa?"

Nilikuwa nimeshafungua mlango. "Wewe pita nalo," nikamwambia. "Mimi nashuka."

Akapita polepole akaenda kunisubiri ng'ambo. Nikavua viatu, nikavishika mkononi. Zege lilikuwa na joto la jua, na mto niliusikia chini ya nyayo zangu. Nilipofika katikati nilianza kulia, kwa sauti, kama walivyokuwa wananitaka nilie. Nyuma yangu lori la viazi lilipiga honi. Mdogo wangu alizima gari, akashuka, akavua na yeye viatu, akaja kunichukua.