Penseli Moja Nyekundu

Nakumbuka Idd moja ya miaka ya hamsini, hapa hapa Nakuru, nilipotoka dukani na kopo la penseli za rangi kwapani nikijiona malkia. Niliikumbuka jana dukani, mwanangu, ulipolikodolea macho lile kopo kubwa la penseli zinazoyeyuka kwa maji, kisha ukautazama mkoba wangu. Tukatoka mikono mitupu. Leo nitakueleza kwa nini.

Tulikuwa tukiishi na Babu, aliyeletwa huku kutoka Mombasa na kazi ya kutia makaa kwenye gari la moshi. Alikuwa amestaafu, na mtoto wa jicho amemvaa macho yote mawili. Kitu kimoja tu alikililia: ule wekundu wa ziwa heroe, ndege wale wa waridi, wanapojaa ukingoni, aliouona miaka yote akipita na treni. Tulimpeleka ziwani, akarudi akisema ameona ukungu. Nikaapa nitamchorea, aushike wekundu ule karibu na pua kabla nuru iliyobaki haijazimika.

Basi pesa zangu zote za sikukuu zikaishia kwenye kopo lile. Penseli tele, kila rangi uliyowahi kuisikia, na picha ya kasuku kwenye kifuniko. Nilichora heroe mmoja mmoja, na miguu yao na midomo yao, kisha nikapaka maji ili rangi iyeyuke na kuenea. Rangi haikuyeyuka. Ilibaki na mikwaruzo yake, imepauka kama leso ya zamani. Babu aliileta karatasi puani, akaigeuza huku na huku, akasema kwa upole ulioniuma kuliko kiboko, "Karatasi nzuri, mama. Nyeupe."

Shangazi Mwanaisha, dada yake baba, alinikuta jikoni nikilia. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapaka hina mabibi harusi wa mtaa wetu, na ulimi wake haukuwa na breki. Alichukua penseli yangu moja, akailowesha ncha, akaisugua nyuma ya mkono wake. Haikuacha kitu.

"Hata hina hainunuliwi kwa uzuri wa mfuko," aliniambia. "Hujaribiwa kwanza mkononi. Wewe ulinunua kasuku."

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka. Pesa sikuwa nazo tena, na yeye hakunipa. Alinipa kinu. Nilitwanga majani ya hina ya harusi nzima, nikachekecha mpaka nyusi zikawa kijani, na kila jioni nilimwona Babu akikipapasa kikombe chake cha kahawa, nikaogopa kwamba nimechelewa. Ujira ulipofikia bei ya penseli moja, Shangazi alinipeleka kwa Mhindi aliyeuza penseli za wachoraji moja moja, akaomba maji kidogo. Tulijaribu nyekundu kadhaa nyuma ya mkono wangu, nyingi zikagoma. Moja iligusa tu maji, ikatanuka yenyewe, nyekundu pyu. Shangazi akamwambia mwenye duka kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yule mzee akacheka akaifunga kwenye gazeti.

Safari hii sikuchora ndege hata mmoja. Babu hakuwahi kuona miguu yao kutoka kwenye treni. Nilichora ukingo wa ziwa, nikaikandamiza penseli pale wanaposongamana, kisha nikaivuta rangi kwa maji mpaka ikafifia majini. Penseli moja ilinipa wekundu, ikanipa waridi, ikanipa na ile rangi nyepesi isiyo na jina.

Babu aliishika karatasi ikiwa bado mbichi. Shangazi aliacha kukoroga chungu, Babu akaisogeza puani. Kisha akaweka kidole juu ya rangi, akakipitisha taratibu toka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu aliyeko safarini.

"Hapa ndipo tulipokuwa tukipiga honi," alisema.

Idd iliyofuata ilimkuta haoni kabisa. Picha ile ninayo mpaka leo, na alama ya kidole chake imo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kopo la bei rahisi si haramu. Litakufaa kwa kupaka vitabu vya michoro, pale maji hayana kazi. Lakini ukitaka rangi inayotembea na maji na mfuko ni mwepesi, nunua nyekundu, manjano na buluu zilizo nzuri, uchanganye mwenyewe. Ukishindwa tatu, nunua moja, kidogo si haba. Mungu akikufungulia, utaongeza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinamia kinu. Usinunue kabla hujaijaribu kwa maji, na usichague rangi kabla hujajua unamchorea nani, na moyo wake unatamani kuona nini.

Mola akubariki mikono, akuhifadhie macho, na asikunyime mtu wa kumchorea. Haya, vaa viatu turudi dukani. Na ubebe kichupa cha maji.