Minyaa ya Cassien

Pale bondeni, kando ya mto Nyabugogo, palikuwa kijani hata kiangazi: mafunjo mtoni, miparachichi uani, na kati ya nyumba na nyumba ua wa minyaa. Nyua zote zile zilipandwa na mtu mmoja, mzee Cassien. Watu walisema akichomeka hata mpini wa jembe, utachipua. Alijisifu, na nani angemnyima? Jamani, siku zile zilikuwa tamu.

Kati ya kwake na kwa jirani yake Mukashema, mjane mwenye binti mmoja, aliacha pengo la kupita mtu. Hapo ulipita moto wa asubuhi kwenye kigae, ukapita uji wa mtama, akapita Kaliza, binti huyo, akijifunza kutembea. Hodi ilikuwa ya wageni.

Mwaka 1993 maneno ya mtaani juu ya makabila yakawa machungu. Nyumbakumi, msimamizi wa nyumba kumi, akamjia Cassien.

"Muze, funga pale. Ile watu si ya kwetu."

Kukataa wakati ule ni kujichimbia kaburi. Cassien akakata vijiti vya mnyaa, akaingia navyo jikoni, akazibabua ncha zake kwa makaa. Mnyaa ulioungua ncha hautoi mizizi. Kisha akavichomeka mchana kweupe, kila mtu akiona. Hakumwambia mtu, kwani siri ya wawili si siri tena.

Vikakauka. Mtaa mzima ukamcheka. Mukashema, aliyeumia kuzibiwa njia, akamsemesha mara moja tu: "Mukono yako imezeeka, Muze." Baada ya hapo hata salamu akamnyima. Cassien akameza yote, na yalimchoma.

Aprili 1994 wauaji walipovunja lango la Mukashema, alimbeba Kaliza akakimbilia uani, akaivamia minyaa mikavu ya pengoni. Ikavunjika kama kuni kavu. Cassien akawavuta ndani, akavisimamisha vijiti upya nyuma yao, akawaficha darini juu ya zizi la mbuzi kwa miezi mitatu.

Julai wakatoka. Nyua zilikuwa kijani vilevile, zimezunguka nyumba zisizo na watu. Mukashema akang'oa kijiti kimoja pengoni, akaiona ncha nyeusi.

"Muze," akasema akilia, "na mimi nilikunyima salamu."

"Hiyo nimesamehe," akajibu Cassien. "Lakini ile ya mukono kuzeeka, hapana."