Lita Ishirini za Nyumba Namba Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio, shada la funguo na matusi. Hiyo ilikuwa Embu mjini, kwenye jengo la ghorofa tatu nyuma ya soko, na aliyenikabidhi alikuwa keateka mkuu, yaani mtunza jengo, mzee wa Kimbeere kama mimi, mtu wa maneno makali na moyo mzuri. Nilipoanza kufagia korido alininyang'anya ufagio.

"Kufagia hata upepo unafagia," alisema. "Kazi ya keateka ni kujua nani ameamka."

Nilidhani ananitania. Akanipeleka chini ya ngazi, kwenye kijumba cha mita. Nyinyi vijana mnajua mita ya stima tu, ile ya kuwekea tokeni. Za maji hupangwa ukutani, moja kwa kila nyumba. Kila moja ina namba za kupima maji, na chini ya namba kuna kigurudumu chekundu, kidogo kama punje ya mahindi. Mtu akifungua mfereji kule juu, kinazunguka. Akifunga, kinasimama. Mita tatu kati ya hizo zilikuwa zimefungwa uzi mweusi, za wazee waliokaa peke yao.

"Mzee akiamka, kitu cha kwanza ni maji," keateka mkuu alisema. "Ananawa uso, anaweka chai, anaenda choo. Ikifika saa mbili na hicho chekundu hakijasonga, panda ubishe. Lakini usiseme umekuja kwa nini. Sema umekuja kuangalia balbu."

"Kwa nini nisimwambie ukweli?"

"Kwa sababu mtu akijua vile unamchunga, naye ataanza kukuchunga wewe. Umesikia, Nyaga?"

Nilisema nimesikia. Pale Embu kigurudumu kilinisaidia mara mbili. Mara moja nilimkuta nesi mstaafu ameanguka bafuni, tukamwahisha hospitali, akapona, na kila Krismasi hadi alipokufa aliniletea mkate. Kwa hivyo nikaiamini mita. Niliiamini hata kuliko macho yangu, na hapo ndipo nilipokosea.

Baadaye ajenti, yule anayesimamia majengo kwa niaba ya malandilodi, alinihamishia Meru, upande wa Makutano. Alikuwa mama wa haraka, huongea huku anatembea. "Hapo kuna wapangaji wazee," alisema. "Wachunge. Sitaki mtu aanguke halafu gari la polisi lije kusimama kwa geti yangu."

Ni lazima niseme kwamba huku kwetu mzee kukaa nyumba ya kupanga ni jambo la kuulizwa. Watu husema, kwani hana shamba? Hana watoto? Mzee anatarajiwa kuwa nyumbani, na migomba yake na wajukuu. Anayekaa ghorofani peke yake ana sababu, na mara nyingi sababu yenyewe haisemeki.

Mwalimu Kagwiria wa namba tisa, yeye sababu yake aliisema. Alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, mjane, mrefu, kitambaa cha kichwa hakikosi. Kijana wake alikuwa na shamba la ndizi huko Mitunguu na kila mara alikuja kumbembeleza ahamie kwake. Mwalimu alikataa katakata.

"Nimefundisha watoto wa watu wasikalie kiti cha mwingine," aliniambia. "Leo niende nikakalie kiti cha mke wa kijana wangu? Hapana."

Jirani yake wa namba kumi alikuwa Mzee M'Ikiara, aliyewahi kuendesha lori la majani chai. Walikuwa wa kanisa moja. Jioni walikunywa chai pamoja, mlango wazi ili watu wasiseme, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wa mwenzake.

Maji ya Makutano yalikuwa ya mgao. Mimi nilifungua koki kuu saa kumi na mbili asubuhi, nikaifunga saa nne. Asubuhi moja nilimkuta Mwalimu amekaa kwenye ngazi, amechoka uso. Nikamsalimia, "Muga, Mwalimu," akaitikia kwa shida. Akaniambia anaogopa kufa peke yake na kujulikana kwa harufu. Nilimhurumia sana. Nikavunja sheria ya mzee wangu wa Embu.

"Usiogope, Mwalimu. Mimi nakuchunga kwa mita."

Nikamweleza yote. Naye, kwa vile alikuwa mwalimu, aliniuliza maswali mazuri. Unasoma saa ngapi? Kigurudumu kikizunguka kidogo tu, unaridhika? Ukipata shida unampigia nani? Nikajibu moja baada ya lingine, nimesimama mikono nyuma kama mtoto wa darasa la tatu. Nilipotaja kwamba ningempigia kijana wake, aliacha kuuliza. Kisha akanishukuru na kupanda juu.

Majuma kadhaa yakapita. Jumatatu moja niliandika kwenye daftari langu kwamba namba tisa ametumia lita ishirini. Jumanne, ishirini. Jumatano, ishirini. Nilikuwa nimejiandikia "ameamka" siku zote hizo, nikaendelea na kazi. Jumatano jioni ndipo daftari lilipoanza kunisumbua. Mtu aliye hai hatumii maji hivyo. Leo anaosha vyombo, kesho anahara, keshokutwa anafua nguo za kanisa. Nilirudi nyuma kurasa nyingi na sikuona siku mbili za Mwalimu zinazofanana.

Alhamisi nilifungua koki huku nimekodolea macho mita ya namba tisa. Kigurudumu kilianza papo hapo, kabla sijaondoa mkono. Ilikuwa ni kama mtu alikuwa amesimama huko juu, kidole kwenye mfereji, ananingoja mimi. Kikazunguka. Lita zilipofika ishirini kikasimama, si pungufu, si zaidi.

Nikapanda. Mlangoni pa namba tisa nilisikia sauti ya mwanamume ndani, ikiongea polepole.

"Ndiyo, Mwalimu." Kimya. "La, hajapanda. Ameshasoma." Kimya tena. "Nimejaza, usijali."

Aliyekuwa akijibiwa sikumsikia hata kidogo. Nikabisha. Ndani pakatulia, kisha sauti ile ile ikasema, "Mwalimu yuko sawa. Rudi tu."

Nilifungua kwa ufunguo wangu. Kitu cha kwanza nilichoona ni maji. Ndoo zilijaa, mabeseni yalijaa, sufuria, jagi, hata vikombe vya chai vilikuwa vimepangwa sakafuni vimejaa pomoni. Maji ya siku nne, hakuna aliyeyagusa. Katikati yake Mzee M'Ikiara ameketi kwenye kiti kando ya kitanda, kijiko cha uji mkononi. Mwalimu alikuwa amelazwa vizuri, kitambaa kimefungwa kichwani, mdomo umevutwa upande mmoja. Hakuweza kusonga wala kusema. Macho tu ndiyo yalinigeukia, na yalikuwa na hasira. Alikuwa amenikasirikia kwa kupanda.

"Tangu lini, Mzee?"

"Jumatatu. Aliniapisha kwa Biblia. Alisema siku akishindwa kuamka nimfungulie maji, ndoo moja, ili wewe usome uridhike. Alisema ukijua utamwita kijana, na kijana akija hatarudi hapa tena. Mimi nilijua atapona. Kila asubuhi namuuliza, naona kama anajibu."

Nilimpigia kijana na nikatafuta gari. Hospitalini daktari aliuliza ilianza lini, tukamwambia. Akasema, "Kama angeletwa Jumatatu hiyo," na hakumaliza. Mwalimu aliishi siku tisa. Kijana wake alinishika shati pale kwenye korido ya wodi, analia.

"Si wewe ndiye ulikuwa unamwangalia?"

"Nilikuwa naangalia mita," nilimwambia.

Baada ya mazishi nilifungua koki kama kawaida, na namba tisa ikazunguka. Lita ishirini. Kesho yake tena. Mama wa ghorofa ya chini alikuja kwangu mbio, anasema kuna maji yanaanguka kwenye nyumba ya marehemu. Nilijua ni Mzee M'Ikiara na ufunguo wake. Nilijua vizuri kabisa, na bado kila kigurudumu kilipoanza mwili ulinisisimka. Ajenti aliagiza kitasa kibadilishwe, nikamdanganya kwamba fundi hapatikani. Mwishowe mpwa wa Mzee alikuja kumchukua, wakaenda zao Muthara. Asubuhi iliyofuata nilifungua koki nikasimama mbele ya mita ya tisa karibu nusu saa. Haikusonga. Nililia, mtu mzima mimi, nimeshika ukuta.

Tangu hapo sikusoma mita kwa ajili ya wazee. Nilipanda ngazi kila asubuhi kuona uso wa mtu. Wengine walinitukana, wengine walinifungia mlango puani, balbu zao zilikuwa nzima na walilijua hilo. Nilipanda mpaka magoti yakagoma, na hapo nikastaafu.

Sasa nakaa Embu, nyumba ya kupanga, peke yangu. Mke wangu ametangulia. Binti yangu anataka nihamie kwake Kiambere, nami nina sababu zangu. Keateka wetu ni mama mmoja anayeitwa Wanja, hodari sana. Nilimsimulia haya yote nilipohamia, na nikamwonya asiniangalie kwa mita. Akaniahidi. Lakini Wanja ana nyumba ishirini na nne na miguu miwili, na huwa namwona asubuhi akipita kwenye mita, anatupa jicho.

Jumanne iliyopita miguu yangu ilikataa kuamka. Haikuniuma, ila haikuwa yangu. Jirani yangu Mbogo, fundi wa viatu, ana ufunguo wangu. Aliingia, akanitazama pale kitandani, akauliza kama amwite Wanja. Nikamfikiria Wanja ameshika simu, na binti yangu ameshika mabegi yangu.

"Nifungulie maji kwanza," nilimwambia. "Ndoo moja."

Akafungua. Nililala nikisikiliza ndoo ikijaa, na nikamwona Mwalimu na yale macho yake, na nikamwelewa kuliko nilivyotaka. Mbogo alipofunga mfereji ndipo nilipomwambia ashuke amwite Wanja.

Lakini nilingoja ijae.