Reli ya Seremala

Jumanne nilikuwa kwa fundi wa kuchomelea pale Makutano, Meru, alipoingia seremala mmoja kutoka Mitunguu kuchukua reli ya msumeno wake wa meza. Alikuwa ameomba irefushwe, ili kile chuma kinachoongoza mbao kisogee mbali zaidi, apate kupasua mbao pana za milango. Aliiinua hadi usawa wa jicho, akafumba jicho la pili, akaiangalia kwa muda.

"Fundi, imepinda."

"Ni kidogo tu, mzee. Moto huvuta chuma."

Seremala akalaza mkono wa kushoto juu ya benchi. Ulikuwa umebaki na vidole viwili. "Hata siku ya hii ajali ilikuwa imepinda kidogo tu. Mbao ilibanwa, ikaruka, ikavuta mkono."

"Basi si ununue ingine?"

"Ya hii mashine haitengenezwi siku hizi. Ndio maana nilikuletea."

Fundi alivaa miwani yake ya kuchomelea, akarudi kwenye kazi nyingine. Seremala akajitwika reli begani, ikiwa imepinda vile vile. Nilimuuliza kama kweli ataitumia.

"Sasa nitafanya nini? Watu wanangoja milango."

Sisi wenye vidole kumi ni wepesi wa kushauri. Siku hiyo nilimpisha tu mlangoni.