Nilivyompoteza mama mkwe kwenye tamasha la muziki Mbamba Bay

Wakuu, heshima kwenu wote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Leo nina kisa changu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Sitatia chumvi, maana hata bila chumvi kilinitosha. Kama una chai hapo karibu, kunywa taratibu.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Mbinga mjini. Mambo ya matamasha sikuwahi kuyafuata. Muziki wangu ni redio ya gereji na kwaya ya Jumapili, basi. Watu kusimama juani kutwa nzima wakirukaruka mchangani niliona ni mambo ya vijana wasio na majukumu.

Sasa likatangazwa tamasha kubwa Mbamba Bay, pale ufukweni. Wasanii wa bongo fleva, bendi, na vikundi vya ngoma za asili vya mwambao. Gari la matangazo likawa linapita mtaani kwetu kila siku, spika juu, hakuna kulala mchana.

Siku hizo mama mkwe alikuwa kwangu. Anaishi Litumbandyosi, alikuja kumsaidia mwanae aliyekuwa ametoka kujifungua. Lakini kwao kabisa ni ziwani. Ni Mnyasa, aliolewa huku juu akiwa binti, na tangu wazazi wake wafariki hakuwahi kushuka tena.

Siku moja lile gari likapita likipiga kioda, ngoma ya akina mama wa kule ziwani. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Akaweka ungo chini, akasimama mlangoni mpaka sauti ikapotelea huko sokoni. 

Mke wangu alimwona. Jioni akaniambia, "Baba Nesto, mpeleke mama."

"Mimi? Na mama mkwe? Tamashani?"

"Mimi nina kichanga. Unataka aende na nani?"

Basi, nikakubali.

Kwa wasiojua mila zetu: mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hukai naye karibu karibu, na jina lake hulitaji kabisa. Mimi na yeye tangu nioe ni "Shikamoo mama", "Marahaba mkwe wangu", imeisha hiyo. Tunapendana, ila kwa mbali.

Halafu mama ana kisukari. Mke wangu akaweka dawa zake na chakula kwenye begi langu, akanieleza kwamba akichelewa kula anaanza kutetemeka, na akizidiwa anaanguka.

Siku yenyewe tukaondoka asubuhi na Noah ya jirani. Yeye nyuma na akina mama, mimi mbele na dereva. Barabara ya kushuka siku hizi ni lami tupu, kona juu ya kona, halafu ghafla ziwa lote hilo hapo chini yako. Nikasikia mama huko nyuma anasema kitu kwa Kinyasa, sauti ndogo. Sikuelewa, na sikuuliza.

Wakuu, kufika pale nilishangaa. Sikujua Ruvuma ina watu wengi hivyo! Steji kubwa kama ghorofa, besi inaingia kifuani mpaka unahisi moyo unaopiga si wako. Harufu ya samaki wa kukaanga kila upande.

Nikamtafutia mama kiti kwenye turubai la wazee, pembeni ya steji. Mimi nikasimama mbali kidogo, nimempa mgongo nusu. Heshima, si unajua.

Hapo ndipo nilipokosea.

Bendi ikaanza. Niseme ukweli tu, nilinogewa. Redio ya gereji ni utani ukilinganisha na gitaa unalolisikia live. Mara kelele ikalipuka, msanii mkubwa kapanda, watu wote wakasukumana kwenda mbele. Umati ukanibeba kama gunia. Miguu yangu ilikuwa haigusi chini vizuri, nimekumbatia begi tu.

Nilipochomoka na kurudi kwenye turubai, kiti cha mama kilikuwa kitupu.

Mwanzoni nikajituliza. Labda kaenda kujisaidia. Nikangoja. Nikazunguka vyoo. Nikapiga simu yake ndogo, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, netiweki ikagoma, imezidiwa na watu.

Dada mmoja aliyekuwa anauza mihogo nikamuuliza. Akasema, "Mama wa makamo, kitenge cha bluu? Nimemwona anaelekea majini. Peke yake."

Peke yake. Majini. Dawa ziko mgongoni kwangu.

Nilikimbia, wakuu. Ufukweni vijana wanaogelea, wanacheka. Na pale mchangani, karibu na maji, nikaona ndala zake. Zimepangwa vizuri, kama za mtu anayeingia ndani kwake.

Nilizijua kwa sababu kamba ya moja niliishona mimi mwenyewe gereji.

Nikaanza kuwauliza wale vijana, sauti inatoka kama ya mtoto. Wawili wakaacha mchezo wao, wakaingia majini kuangalia. Hawakuona mtu. Mmoja akaniambia, "Bro, nenda kwa MC, atangaze. Sisi tunaendelea kuangalia huku." Mungu ambariki huyo kijana popote alipo.

Nikarudi mbio na ndala mkononi. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mke wangu. Nitaingiaje mlangoni?

MC akainama kutoka kwenye steji. "Unamtafuta nani, kaka?"

"Mama mkwe."

"Jina lake?"

 Mdomo uligoma kabisa.

"Kaka, nikitangaza 'mama mkwe' tu, nusu ya uwanja watanyanyuka. Jina!"

Nikafumba macho nikalitaja. Skolastika. Akalipokea kwenye maiki, likapigwa na spika zote zile, naamini hata wavuvi walilisikia. "Mama Skolastika kutoka Litumbandyosi, mkwe wako analia hapa steji!" Sikuwa nalia. Nilikuwa karibu.

Hakuna aliyejitokeza. Akatangaza tena. Wapi!

MC akanishika bega. "Tulia hapa hapa. Napandisha kikundi kinachofuata, halafu tunatangaza tena." Akaita kioda.

Wakaingia akina mama kwa mstari, magauni meupe, filimbi na ngoma, wanatembea kwa madaha. Mimi naangalia bila kuona. Wa kwanza gauni jeupe, wa pili jeupe, wa tatu jeupe...

Wa nne kitenge cha bluu. Peku.

"Ndiye huyo?" MC akauliza.

"Ndiye."

Nikakaa chini mchangani.  Nililia wakuu, sioni aibu, na huku nacheka. Na mama anacheza! Bega linaenda sawa na wenzake, kidevu juu, kama hakuwahi kuondoka kule hata siku moja. Huyu mtu nimemjua miaka yote ana ungo na jembe. Kumbe.

Ngoma ilipoisha nikamkimbilia. Sikukumbuka mila wala nini.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Ugali na samaki mbasa. Na chai bila sukari."

Mama mmoja wa kikundi akadakia. Kumbe yeye na mama walikua pamoja utotoni, walichota maji pamoja. Alimkuta mama ananawa miguu ziwani, wakatazamana, wakapiga yowe. Akamvuta hadi nyumbani kwake, hapo nyuma tu, ndala zikasahaulika.

"Ila mama, tumekutangaza!"

"Nimesikia," akasema, akatabasamu. "Nikasema leo mkwe wangu ametishika kweli, mpaka kanitaja jina. Lakini tulishapanga mstari, baba. Ningetokaje?" Kisha akanitazama vizuri. "Hebu kaa. Unayetetemeka ni wewe."

Nikakaa. Akanimiminia maji ya chupa iliyokuwa kwenye begi langu mwenyewe. Nikawapungia wale vijana majini kwamba amepatikana, wakarusha mikono juu.

Tulirudi jua likiwa linazama. Nyumbani mke wangu akauliza mlangoni ilikuwaje. Nikafungua mdomo, mama akaniwahi.

"Salama kabisa. Mume wako kanitunza vizuri." Akapita ndani kumbeba mjukuu.

Sijui kama ni huruma au ni kuninyamazisha. Vyovyote iwavyo, namshukuru.

Funzo langu wakuu: ukienda na mzee kwenye umati, dawa zake akae nazo yeye. Kubalianeni mapema mkipotezana mkutane wapi. Na heshima isikufanye usimame mbali mpaka usimwone. Halafu hawa wazee wetu walikuwa watu kabla hatujawajua. Waulizeni.

Waliowahi kupotezana na mtu kwenye umati kama huu, mlifanyaje? Na wakwe wenzangu, mama mkwe ameshaanza kuulizia tamasha la mwakani. Nishaurini, maana nimeshakubali.