Refa Anayejifunza Kutotazama Mpira

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, katika uwanja wa shule moja mjini Hyattsville, Maryland. Mpira unarushwa juu na watu wote wanainua shingo: wazazi, makocha, hata muuza kahawa. Mtu mmoja tu hatazami juu. Ni Lusekelo Mwakalobo, miaka 47, mwenye fulana ya mistari myeusi na myeupe na kitambaa cha njano kiunoni. Yeye anatazama mikono ya watoto wawili wanaokimbia bega kwa bega.

"Mpira utashuka wenyewe," anasema wakati wa mapumziko. "Kazi yangu mimi ni mikono."

Siku za wiki anaendesha forklifti kwenye ghala huko Landover. Jumamosi ni mwamuzi wa futiboli ya Kimarekani, kwa dola 60 kila mechi, na husimama nyuma kabisa, pale pasi ndefu zinapoangukia. Kosa analolisaka huwagombanisha hata waliozaliwa hapa: beki haruhusiwi kumshika wala kumsukuma anayesubiri pasi kabla mpira haujafika. Mwamuzi akiliona, hutupa kitambaa chini na timu ya beki huadhibiwa.

Kabla ya kuhamia Marekani miaka 14 iliyopita, Lusekelo alichezesha soka ya mkoa kule Mbeya. "Kule ukiuacha mpira, mashabiki wanakufukuza uwanjani," anasema. Mazoea yana taabu.

Oktoba mwaka jana alipewa mechi ya sekondari kwa majaribio. Akifaulu, apandishwe daraja. Dakika ya mwisho, timu ya Mutai, beki wa miaka 16, ilikuwa inaongoza. Pasi ndefu ikarushwa. Mutai na mpinzani wake wakaruka, wakaanguka. Lusekelo akatupa kitambaa.

Refa mkuu, Solomon, alimfuata na kumuuliza kama kweli ameona. Kanuni ilimruhusu Lusekelo kukiokota kitambaa chake, na mambo yangeishia hapo.

"Nikasema nimeona," anakumbuka. "Nilichoona ni watoto wawili wako chini. Kosa lenyewe sikuliona."

Wapinzani walisogezwa mbele, wakapewa nafasi nyingine, wakafunga na kushinda. Mutai aliwekwa benchi na kocha wake.

Mama yake Mutai, Chepkirui, mhudumu wa wazee anayetokea Kericho, husali ibada moja ya Kiswahili na Lusekelo, ambaye ni mzee wa kanisa. Jumapili alimsubiri mlangoni, simu mkononi.

"Mzee, sijakuja kukupigia kelele," alimwambia. "Nime-record game yote. Hebu angalia mikono ya Mutai, ameguza mtu? Sasa wacha ni-zoom hapa nyuma. Huyu ni wewe. Unaangalia wapi?"

Alikuwa anaangalia mbinguni. Aliirudia video mara tatu, huku waumini wakimpita na kumpa mkono wa Bwana asifiwe. Ilikuwa aibu, haina jina jingine.

Jioni hiyo aliiandikia kamati ya waamuzi: alitupa kitambaa bila kuona kosa, kisha akamwambia refa mkuu kuwa ameona. Mkewe, Edna, alimsihi aifute sehemu ya pili.

"Nilimwambia, baba, kosa la macho watakusamehe. La mdomo je?" anasema Edna. "Akaituma hivyo hivyo."

Kamati ilimrudisha kwa watoto wa miaka kumi kwa msimu mzima. Matokeo ya mechi hayakubadilika. Lakini nakala ya barua ilimfikia kocha, na Mutai akarudi kikosini.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sasa kila Alhamisi, kwenye maegesho ya magari ya nyumba wanayopanga, Edna hurusha mpira, Mutai na rafiki yake wakaugombania. Lusekelo hueleza mikono yao ilifanya nini. Kisha Edna humuuliza swali moja: mpira umedakwa? Jibu la kufaulu ni "sijui".

"Mwezi mzima alikuwa anajua," anasema Edna akicheka. "Kila Alhamisi anafeli."

Agosti ijayo atajaribiwa tena. Hasemi sana kuhusu daraja. "Nataka Solomon aniulize tena kama nimeona," anasema, "nami nimjibu ukweli, hata kama ni hapana."

Mechi ya leo inakaribia kuisha pale pasi ndefu inaporushwa. Beki na mpokeaji wanaanguka pamoja. Wazazi wanapiga kelele wakidai kitambaa. Kitambaa kinabaki kiunoni.

Filimbi ya mwisho ikilia, Chepkirui, ambaye mwanawe mdogo amecheza leo, anashuka kutoka jukwaani na simu yake.

"Mzee, cheki hapa. Macho yako leo iko chini kabisa."

Lusekelo anaitazama picha yake kidogo, kisha anamrudishia simu.

"Dada," anauliza, "kwani alidaka?"